Kabati la Bunduki la Tarbell

Verna Skaar hakuwahi kuwinda. Alizaliwa katika nyumba yenye bunduki juu ya mlango, akaolewa katika nyumba yenye bunduki juu ya mlango, na duka aliloendesha na mumewe kwa miaka arobaini na moja katika mji mdogo wa Tarbell liliuza misumari, seng'enge, mawe ya chumvi ya ng'ombe, dawa ya minyoo ya kondoo, na risasi. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulenga kitu chenye pumzi. Alikuwa fundi tu. Einar, mumewe, alimfundisha kazi hiyo majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yao, theluji ilipowafungia ndani wiki tatu wasiwe na la kufanya ila kupendana na kusafisha mitutu. Einar alikuwa na mikono mikubwa yenye kutetemeka. Verna alikuwa na vidole vyembamba vilivyoweza kuirudisha springi nyembamba kama unywele mahali pake. Haukupita mwaka, watu walikuwa wakiingia dukani na kumpita Einar wakiuliza, "Mkeo yupo?"

"Na mimi hapa ni nani?" Einar alikuwa akiuliza.

"Wewe uza misumari, bwana."

Kabati lilianza mwaka wa ukame. Jirani mmoja aliyefiwa na mkewe aliingia asubuhi, akalaza bunduki yake juu ya meza ya duka, akasema, "Einar, nitunzie hii kwa muda," kisha akageuka akatazama nje, kwenye barabara isiyo na kitu. Einar hakumuuliza muda gani wala kwa nini. Alimmiminia kahawa. Mwaka ule walikuja wengine wanne, na Einar akanunua kabati la chuma refu kuliko mtu, akalikaza sakafuni kwa bolti katika chumba cha nyuma. Kila bunduki ilifungiwa kipande cha kadi chenye jina la mwenyewe, kwa uzi, hapo kwenye kifyatulio. Mtu aliyeachwa na mke, mtu aliyezika mtoto, mtu aliyeuza ng'ombe wote kwa siku moja, hao wote walijua njia ya mlango wa nyuma. Wengine waliletwa na ndugu zao, wengine bunduki zao zililetwa na ndugu zao, wenyewe wakiwa wamelala.

Kabati lilikuwa na masharti mawili: hakuna kuuliza, na hakuna kusema. La tatu halikutamkwa, maana nani alihitaji kuambiwa? Mwenye mali akija, anapewa mali yake. "Bunduki ni ya mtu," Einar alikuwa akisema. "Sisi ni ukuta tu. Ukuta hauna maoni."

Einar alikufa, mapafu, na Verna akabaki na kabati na ufunguo wake shingoni. Watu wa Tarbell walilionea fahari kabati lile kama miji mingine inavyoonea fahari timu yake ya mpira. "Kwingine wana madaktari wa akili," walisema. "Sisi tuna Verna."

Mwezi wa Juni, Verna akiwa na miaka sitini na minane, Junelle Petrik aliingiza pikapu yake kinyumenyume hadi mlango wa nyuma. Junelle alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kunyamazisha watoto arobaini bila kugeuka. Siku hiyo sauti ile haikuwepo. Shamba la wazazi wake lilikuwa limeuzwa mwezi uliopita, na kaka yake, Garth, aliyelilima peke yake tangu baba yao afe, alikuwa akiishi sasa katika chumba chake cha ziada, halali, hanyoi ndevu, anakaa ukingoni mwa kitanda na buti miguuni kama mtu anayengoja kuitwa.

Alileta bunduki zimeviringishwa katika blanketi. Verna alizifungua mwenyewe: ile ndefu ya babu yao, ya kuwindia kulungu, kitako chake kimelika rangi kwa mashavu ya wanaume watatu, kisha ile ya kuwindia ndege, na ile ndogo ya sungura. Tatu. Alizifungia kadi tatu.

"Bi Verna," Junelle alisema, macho mekundu, "usimpe mpaka uniambie. Hata kama anakuja anacheka. Nipigie simu tu."

"Nenda ukalale, mwanangu," Verna alimjibu, na alipokumbuka baadaye aligundua kwamba hilo halikuwa jibu la kile alichoambiwa.

Garth alikuja Jumatano moja ya Oktoba, saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa kuwinda. Alikuwa amenyoa. Alivaa kile kizibao cha rangi ya chungwa ambacho kila mwindaji hulazimika kuvaa, na leseni ya kuwinda ilikuwa imekunjwa mfukoni mwake, mpya, wino bado unang'aa.

"Bi Verna, umenenepa," alisema.

"Na wewe umepatikana. Nilidhani umehamia kwenye kaburi la baba yako."

"Nimekuja kuchukua ile ya babu. Jumamosi ni ufunguzi."

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakukulia kule jinsi moyo wa Verna ulivyofurahi. Watu wa Tarbell wana kipimo chao. Mtu akiacha kula, watu humtazama. Akiacha kwenda kanisani, humwombea. Lakini vuli ikifika na mwanamume asitake kuwinda, hapo ndipo wanapoanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Na mwanamume akiulizia bunduki yake kwa ajili ya ufunguzi, basi ameshapona. Mtu anayetaka kuwinda ni mtu anayetaka nyama majira ya baridi, na anayetaka nyama majira ya baridi anategemea kuyaona.

"Junelle anajua?" Verna aliuliza, na hata hilo tayari lilikuwa limevuka sharti la kwanza.

"Si ndiye ananifungia chakula? Anasema nikirudi bila kulungu nilale nje."

Verna akacheka. Simu ilikuwa ukutani, hatua mbili. Aliitazama, au alidhani baadaye kwamba aliitazama. Kisha akavua ufunguo shingoni. Garth alichukua ile moja tu, akaziacha mbili, na hilo nalo lilimtuliza: mwenye nia mbaya, aliwaza, angechukua zote. Verna alikata uzi, akaitia kadi mfukoni mwa aproni, akamwambia awinde salama.

Siku iliyofuata, Alhamisi, siku ya mnada wa ng'ombe, Garth Petrik aliingia katika mkahawa wa uwanja wa mnada saa sita mchana, watu wakiwa mezani. Waliokufa walikuwa saba, na wa nane alikuwa yeye. Mmoja wa saba alikuwa Opal Brandt, aliyepika pai katika mkahawa ule kila Alhamisi kwa miaka ishirini, na ambaye Verna alikuwa akinywa naye kahawa siku zote sita zilizobaki.

Verna alikuwa akipanga mawe ya chumvi mbele ya duka aliposikia pikapu ya Hollis, mume wa Opal, ikipita kwa kasi ambayo Hollis hakuwahi kwenda nayo maishani mwake. Aliingia ndani. Kabla hajaambiwa na mtu, alitoa kadi kwenye aproni, akafungua mlango wa jiko la kuni, na akaitia motoni. Hakuamua, mkono ndio uliofanya. Alisimama pale akaona jina la Garth likigeuka jeusi, likajikunja, likaisha.

Hakuna aliyemuuliza. Sherifu aliitambua bunduki kuwa ya ukoo wa Petrik, na bunduki ya ukoo hutoka nyumbani. Angeuliza nini zaidi? Junelle ndiye aliyejifunga mwenyewe. Alimwambia sherifu kwamba alikuwa amezitoa zote ndani ya nyumba. Sherifu akauliza, ulizipeleka wapi? Naye, kwa kulinda sharti la kabati hata saa ile, akanyamaza.

Akaja dukani Novemba. Alingoja mteja wa mwisho atoke, akasogea mezani, akaweka viganja vyake juu ya mbao kana kwamba meza ingeondoka.

"Bi Verna. Siku ile nilileta ngapi?"

Verna alikuwa na rula mkononi. Aliiweka chini.

"Nakumbuka tatu," Junelle alisema. "Nakumbuka uzito. Lakini sikuwa nimelala siku nyingi. Labda ile ya babu niliiacha chini ya kitanda chake. Labda nilitaka kuichukua nikasahau. Niambie tu. Nilileta ngapi?"

Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka taratibu, pana, bila upepo. Verna alifungua mdomo akitaka kusema tatu. Aliliona neno lenyewe. Badala yake akasikia sauti yake, ya upole, sauti ya kumbembeleza mgonjwa:

"Nadhani zilikuwa mbili, mwanangu."

Junelle aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. "Basi ni mimi," alisema. Akaushukuru ule uongo. Akasema asante, akatoka.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, alikwenda kwa sherifu kuisahihisha habari yake, na habari ikatoka kwa sherifu ikaenda kanisani, posta, kwenye foleni ya petroli: dada yake aliisahau moja ndani ya nyumba. Katika mji uliozika watu saba kwa wiki moja, neno "alisahau" halikukaa hata siku mbili. Likawa "aliiacha." Likawa "alijua." Wazazi wakaanza kuwapeleka watoto shuleni wenyewe, magari ishirini yakifuatana gizani, kila asubuhi ya baridi ile. Junelle hakufukuzwa kazi. Mji mdogo haufukuzi mtu. Basi lilipita mbele ya duka la Verna saa moja na dakika ishirini, taa zimewashwa ndani, viti vyote vitupu, na yeye kwenye usukani akitazama mbele. Alisimama kila kituo kama sheria inavyosema. Alifungua mlango, akahesabu pumzi, akaufunga.

Verna aliliona kila asubuhi. Kuna siku alijificha nyuma ya mapipa ya rangi mpaka lipite, mwanamke wa karibu miaka sabini, akichutama kama mtoto anayekwepa kazi.

Februari habari zikaja kwamba wabunge wa jimbo walikuwa na muswada mezani. Kwa muswada huo, ndugu wa mtu au sherifu angeweza kwenda kwa hakimu, na hakimu akiridhika, bunduki za mtu huyo zingeshikwa mpaka hali yake itulie. Kamati ingekuja Tarbell kusikiliza watu, kwa sababu ya wale saba. Mji ukagawanyika palepale, mezani na vitandani.

Duane Stroud aliingia dukani akikung'uta theluji kofiani. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji, mtu wa sauti kubwa na moyo mwema, na hakujua kuvitenganisha.

"Verna, wewe ndiye tunayekutegemea. Wataleta maprofesa, wataleta takwimu. Sisi tutakuleta wewe."

"Nikafanye nini?"

"Uwaambie habari ya kabati. Miaka thelathini watu wa hapa wanaangaliana wenyewe, bila hakimu, bila karatasi, bila mtu kupelekwa mahakamani mbele ya watoto wake. Watasemaje mbele ya hilo?"

"Watauliza mbona halikumzuia Garth," ikasema sauti ya nyuma. Alikuwa Hollis Brandt, ameshika pakiti ya misumari ambayo hakuihitaji. Tangu amzike Opal alikuwa akija dukani kununua vitu asivyovihitaji.

"Halikumzuia kwa sababu dada yake hakulitumia, Hollis. Angeleta zote tatu hapa, Opal yupo."

"Usilitumie jina la mke wangu kama jembe, Duane. Si lako la kulimia."

"Nasema tu—"

"Unasema tu. Umekuwa ukisema tu tangu darasa la pili. Mimi naunga mkono huo muswada, na uniondoe kwenye orodha ya wageni wa nyama choma yako."

"We Hollis! Wewe? Mtu aliyemfanyia kampeni hakimu aliyepita achaguliwe, kwa sababu tu alitetea bunduki?"

"Ndiye mimi. Angalia vizuri, sijabadilika sura."

Walimgeukia Verna wote wawili, kila mmoja akitaka amuunge mkono. Yeye alikuwa ameinama akitafuta kitu chini ya meza. Hakukuwa na kitu chini ya meza.

"Nitasema," alisema kutoka huko chini. "Niandike, Duane."

Alikaa na hilo wiki tatu. Alijua kwamba akisema anachotarajiwa kusema, Junelle angezikwa moja kwa moja, na yeye angepigiwa makofi juu ya kaburi hilo. Akijitia mgonjwa asiende, ingekuwa Novemba tena, na Novemba nyingine kila mwaka mpaka mmoja wao afe. Na akisema kweli? Einar alijenga kitu kimoja tu maishani ambacho watu walikikumbuka. Verna aliketi jikoni akimwuliza mumewe, kwa sauti, ukuta ungefanya nini. Friji ilinguruma. Kabatini bado zilikuwemo bunduki za watu kumi na mmoja, na mbili za Petrik.

Kikao kilikuwa Jumamosi ya Machi, saa nane mchana, katika ukumbi wa michezo wa shule. Viti vilijaa, watu wakasimama hadi chini ya magoli ya kikapu. Wabunge watano walikaa nyuma ya meza ndefu ya mkahawa wa shule, na mwenyekiti wao, mama mwenye miwani iliyomning'inia kifuani, aliwaomba watu wasishangilie. Wakashangilia.

Mwanamke mmoja wa mashamba ya kaskazini alisema kituo cha polisi kilicho karibu naye ni mwendo wa saa nzima. "Polisi akifika kwangu, mimi nimeshazikwa na majani yameota." Ukumbi ukapiga miguu sakafuni. Mzee mmoja akasema serikali ikishashika kitu chako haijui njia ya kukirudisha. Kijana mwalimu akasoma majina saba, na kabla hajamaliza mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Chizi hazuiliki kwa karatasi!"

Hollis alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti. Hakugeuka.

"Huyo chizi alinisaidia kuvuna miaka miwili nilipovunjika mguu," alisema. "Alikuwa jirani. Mimi na Opal tulipinga kila sheria ya namna hii. Tulikuwa kura mbili. Sasa ni moja, na nimeigeuza. Ni hayo tu." Alirudi kiti chake cha mbele. Hakuna aliyepiga miguu.

"Verna Skaar," mwenyekiti aliita.

Duane alipiga makofi kwanza, na wengi wakafuata, hata wa upande wa Hollis, maana hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kurekebishiwa kitu na mikono ile. Verna alitembea katikati yao akiwa amevaa gauni lake la mazishi. Alikuwa ameona, juu kabisa kwenye safu ya mwisho, viti vitupu, na katikati ya utupu huo, Junelle.

"Nimeletwa hapa niwaeleze habari ya kabati," alianza. Kipaza sauti kilipiga mluzi, akarudi nyuma kidogo. "Mume wangu alilianzisha. Mtu akiwa katika hali ngumu, tunamtunzia bunduki. Hatuulizi, wala hatusemi. Leo nitasema."

Duane alikuwa akitabasamu.

"Juni, Junelle Petrik aliniletea bunduki za kaka yake. Alileta tatu. Si mbili. Tatu, na ya babu yao ilikuwemo. Akaniambia, usimpe kabla hujanipigia simu. Oktoba Garth akaja, Jumatano. Amenyoa. Ana leseni. Akaniambia Jumamosi ni ufunguzi." Alishika kipaza sauti. "Nikampa. Sikupiga simu. Nilifurahi, jamani. Nilidhani amepona."

Watu waliotazama walisema baadaye kwamba ilikuwa kama kutazama mtu akipita juu ya barafu ya ziwa mwezi wa Machi, inapoanza kuyeyuka.

"Verna," Duane alisema kwa sauti ndogo. "Verna, kaa chini, mama. Umechoka."

"Sijachoka. Novemba, Junelle akaja akaniuliza alileta ngapi. Nikamwambia mbili. Nilijua ni tatu. Niliichoma kadi. Hakusahau kitu. Hakuacha kitu. Dada yule alifanya kila kilichopaswa kufanywa, mimi ndiye sikufanya." Akavua ufunguo shingoni, mnyororo ulinasa nywele zake, akauvuta kwa nguvu. "Sherifu, zile mbili nyingine bado zimo. Na za wengine zimo. Chukua."

Sherifu alikuja, akaupokea ufunguo kwa viganja viwili, hajui autie mfuko gani.

"Mama Skaar," mwenyekiti alisema taratibu, miwani mkononi, "samahani. Kwa kumbukumbu zetu. Unaunga mkono muswada au unaupinga?"

Verna alifikiri. Alionekana wazi anafikiri, kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

"Sijui kama sheria yenu ni nzuri," alisema. "Hakimu naye anaweza kufurahi, akadanganyika kama mimi. Ninachojua ni kwamba Garth aliposimama mbele yangu, sikuwa na kitu cha kushika cha kukatalia. Nilikuwa na desturi tu, na desturi ilisema mpe. Ningekuwa na karatasi... Labda ningeishika. Labda ningesema, si mimi, Garth, ni karatasi. Mimi ni mwoga. Mwoga anahitaji karatasi."

Ndipo Hollis aliposimama. Verna alisubiri, uso wazi, tayari kwa lolote, hata kofi. Hollis alimtazama muda mrefu. Alikuwa amekula kwa Verna kila Jumapili tangu mazishi. Alivaa kofia yake humo humo ndani, jambo ambalo Opal asingemruhusu, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Muswada ule ulikufa katika kamati mwezi uliofuata, kwa kura tatu dhidi ya mbili, na gazeti la mji mkuu liliandika mistari minne. Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile Verna alitoka ukumbini peke yake, watu wakimpisha njia pana kuliko iliyohitajika.

Junelle alikuwa amesimama kwenye maegesho kando ya gari lake, mlango umefunguliwa, haingii. Tope la theluji lilikuwa limemfika vifundoni. Verna alisimama hatua tano mbali naye.

"Unataka niseme nimekusamehe?" Junelle aliuliza.

"Hapana."

"Afadhali." Alipangusa pua kwa glavu. "Unajua nimekuwa nikifanya nini? Kila asubuhi kabla ya kazi, napiga magoti natazama chini ya kitanda chake. Pale nilipoisahau. Najaribu kujiona nikiiacha. Na nilishaanza kujiona, Bi Verna. Nilishaikumbuka. Mkono wangu huu hapa, unaiacha."

Verna aliutazama mkono ule.

"Basi langu uliliona likipita?"

"Niliona."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Junelle alitikisa kichwa. Alitazama ukumbi, ambako milango ilikuwa imeanza kutoa watu wawiliwawili, wakizungumza vichwa chini.

"Nusu ya mji haikuwemo humo," alisema. "Na waliokuwemo watasema ulikuwa umechoka. Duane ameshaanza. Kesho watakuwa wamenitupia tena lawama. Mimi niliulizwa na mmoja mmoja. Dukani, posta, kwenye kaburi la mama yangu. Kila mmoja alikuja na kuniuliza usoni." Sauti ile ya zamani, ya kunyamazisha watoto arobaini, ilikuwa imerudi, bila kupanda. "Na wewe uwaambie mmoja mmoja."

Aliingia garini akafunga mlango. Hakuondoka. Alikaa humo, mikono juu ya usukani, akingoja kuona.

Verna aligeuka. Gari la karibu kabisa lilikuwa pikapu ya kijani, injini inaunguruma, vioo vimefunikwa na ukungu. Ndani yake alikuwamo Myrtle Haugen, mke wa mchungaji, ambaye baridi yabisi ya miguu ilimfanya akae humo kikao kizima. Watoto wake watatu walikuwa wa kwanza kutolewa kwenye basi. Verna alikanyaga tope hadi hapo. Mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Akagonga kioo.

Kioo kilishuka, joto na harufu ya peremende vikatoka.

"Verna! Ingia ndani, utaganda. Vipi, umewaweza wale?"

"Myrtle," Verna alisema, "zima injini kwanza. Nataka unisikie vizuri."